Uzi: Santos FC haikuwa timu ya Pelé peke yake. Tupitie rekodi zao kwa tarehe

#1 (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikitajwa Santos ya Brazil humu jukwaani, hakosi mtu wa kusema "ile ilikuwa timu ya mtu mmoja". Nimeona nikae chini niandike, maana kauli hiyo inawanyima haki watu wengi waliovuja jasho. Kwamba Pelé ndiye mkubwa kuliko wote waliowahi kuvaa ile jezi nyeupe, hapo hatuna ubishi. Ila ukichukua makombe ya Santos ukayapanga kwa tarehe, halafu ukauliza siku hiyo nani alikuwa uwanjani, utakuta baadhi ya usiku mkubwa kabisa wa klabu hiyo Pelé alikuwa majeruhi, na kombe likabebwa vilevile.

Kwanza tujue ni timu ya wapi. Santos ni mji wa bandari katika jimbo la São Paulo, bandari iliyokua kwa kusafirisha kahawa. Jiji kubwa lenyewe la São Paulo liko juu ya milima, kama kilomita 70 kwa barabara kutoka pwani, na huko ndiko waliko vigogo: Corinthians, Palmeiras, São Paulo FC. Santos ilianzishwa tarehe 14 Aprili 1912. Uwanja wake, Vila Belmiro, ulifunguliwa Oktoba 1916 na hadi leo hauingizi hata watu elfu ishirini. Hilo la udogo wa uwanja liwekeni akilini, tutalihitaji.

Sasa tazameni mwaka 1927. Katika ligi ya jimbo Santos walicheza mechi 16 wakafunga mabao 100, wastani wa zaidi ya sita kila mechi. Ubingwa hawakuupata, uliwaponyoka wakamaliza wa pili, lakini ile safu ya ushambuliaji bado inatajwa mpaka leo. Pelé amezaliwa Oktoba 1940. Ubingwa wa kwanza wa jimbo ukaja 1935, wa pili 1955 chini ya kocha Lula, huku Zito na Pepe tayari wako kikosini. Yeye, kijana wa miaka 15 kutoka Bauru, aliletwa na kocha wake Waldemar de Brito mwaka 1956. Alikuta nyumba imeshasimama na taa zinawaka.

Naendelea, nipeni nafasi.

#2

Mkuu umeanza vizuri ila umeruka jambo kubwa. Mabao 1,091 utayaweka wapi? Mtu mmoja kafunga zaidi ya elfu kwa klabu moja, halafu unatuambia haikuwa timu yake?

#3 (mleta uzi)

Swali zuri kaka, na majibu yake yako kwenye hesabu.

Hiyo 1,091 ni jumla ya kila kitu alichofunga akiwa na Santos, katika mechi 1,116, zikiwemo za kirafiki. Za mashindano rasmi ni mabao 643. Hata hiyo peke yake ilibaki rekodi ya dunia ya mabao kwa klabu moja mpaka Messi alipoivuka akiwa Barcelona, Desemba 2020. Kwa hiyo simpunguzii mtu kitu.

Lakini chukua msimu wake wa kutisha kuliko yote, ligi ya jimbo ya 1958. Pelé alifunga 58, rekodi ambayo haijasogelewa. Santos kwa jumla walifunga 143. Toa, unabaki na 85. Timu inayofunga mabao 85 bila kuhesabu mfungaji wake mkuu hiyo ni timu, tena ya hatari. Mwaka huohuo, Machi 6, walicheza na Palmeiras kwenye uwanja wa Pacaembu, jijini São Paulo. Mapumziko Santos wanaongoza 5-2. Palmeiras wakapindua meza ikawa 6-5 kwao. Dakika za mwisho Pepe, winga wa kushoto, akapiga mbili, ikaisha 7-6 kwa Santos. Pepe amemaliza maisha yake yote ya soka hapohapo Santos na mabao zaidi ya 400. Coutinho ana kama 370. Niambieni klabu nyingine ambayo mfungaji wake wa tatu kihistoria ana idadi hiyo.

Na kuhusu hizo mechi za kirafiki, tusizidharau. Hapa ndipo udogo wa Vila Belmiro unapoingia. Klabu ya mji mdogo, uwanja mdogo, hakuna fedha za televisheni kama za leo: mishahara ya mabingwa wa dunia unailipaje? Jibu lao lilikuwa kusafiri. Waliikodisha timu dunia nzima, Ulaya, Amerika zote, Afrika, wakicheza mechi mfululizo na kulipwa kwa kila moja, na mwenye kulipa alitaka Pelé awemo. Gharama yake ikaonekana kabatini. Wana Copa Libertadores, yaani ubingwa wa klabu Amerika Kusini, tatu tu, kwa sababu kwenye miaka yao bora ziara zilikuwa na faida kuliko kombe. Mwaka 1966 na 1969 Brazil haikupeleka timu kabisa kwenye Libertadores, na mara zote mbili mwaka uliotangulia Santos walikuwa wamebeba kombe la taifa. Mimi naamini pale wangeongeza angalau moja.

#4 (mleta uzi)

Sasa 1962 na 1963, ndiyo sehemu niliyoitamani kuliko zote.

Kombe la Dunia Chile, Juni 1962, Pelé anaumia mechi ya pili dhidi ya Czechoslovakia. Brazil wanabeba kombe bila yeye. Katika kikosi kile Santos ilikuwa na watu saba: Gilmar golini, Mauro ambaye ndiye nahodha aliyelinyanyua kombe, Zito aliyefunga kwenye fainali, pamoja na Mengálvio, Coutinho, Pepe na Pelé mwenyewe.

Mwezi uliofuata, fainali ya Libertadores na Peñarol ya Uruguay. Hawa walikuwa mabingwa wa 1960 na 1961, yaani hakuna timu nyingine iliyokuwa imewahi kulibeba kombe hilo. Mechi ya kwanza Montevideo, Pelé hayupo. Santos wakashinda 2-1 ugenini, mabao yote mawili Coutinho. Mechi ya pili Vila Belmiro ikawa vurugu, vitu vikarushwa uwanjani, mchezo ukasimama kwa muda mrefu, na mwisho matokeo yaliyotambuliwa yakawa 3-2 kwa Peñarol. Ikabidi mechi ya tatu, Buenos Aires, Agosti 30. Hapo Pelé amepona, akafunga mawili, 3-0. Santos wakawa klabu ya kwanza ya Brazil kutwaa Libertadores. Mnaona lakini: bila yale mawili ya Coutinho kule Montevideo, hiyo mechi ya tatu isingekuwepo.

Baada ya hapo Kombe la Mabara, bingwa wa Amerika Kusini dhidi ya bingwa wa Ulaya, na Benfica ya Ureno, bingwa wa Ulaya mara mbili mfululizo, timu ya Eusébio na Coluna, wote wawili watoto wa Msumbiji. Uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, 3-2. Lisbon, Oktoba 11, Santos walifika 5-0 kabla Benfica hawajapata mawili ya mwishoni. Pelé alifunga matatu. Usiku ule ni wake, wala sibishani na mtu.

Mwaka 1963 wakamfunga Boca Juniors ya Argentina fainali ya Libertadores, 3-2 Maracanã na 2-1 palepale La Bombonera, uwanja wa Boca, kelele zote zile. Halafu wakakutana na Milan.

San Siro walilala 4-2, mawili ya Santos akafunga Pelé. Marudiano Maracanã, Novemba 14. Pelé majeruhi. Zito majeruhi. Calvet majeruhi. Nafasi ya Pelé akapewa Almir, mtu mkorofi, mwenye hasira, asiyekwepa kugongana. Mvua inanyesha, mashabiki zaidi ya laki moja wameloa. Dakika ya 17 Milan wanaongoza 2-0, la kwanza kalifunga Altafini, Mbrazili aliyekuwa akicheza Italia. Jumla ya mechi zote mbili ni 6-2. Hapo timu ya mtu mmoja inarudi nyumbani kulala.

Kipindi cha pili Pepe akaweka mpira wa adhabu. Mguu wake wa kushoto ulijulikana Brazil nzima kwa uzito, na mpira uliolowa ukawa mzito zaidi. Bao. Almir akasawazisha. Lima akapiga la tatu. Pepe, mpira wa adhabu tena, la nne. Ndani ya dakika kama ishirini hivi 0-2 imekuwa 4-2.

Wakati huo hakukuwa na kuhesabu tofauti ya mabao, kwa hiyo mechi ya tatu, palepale, siku mbili baadaye. Pelé bado hayupo. Kipindi cha kwanza Almir akainamisha kichwa kwenye mpira wa chini ambao Cesare Maldini, baba yake Paolo, alikuwa anauondoa kwa mguu. Penalti. Waliokuwepo ni wapigaji wakubwa, Pepe mmojawapo, lakini aliyeuchukua mpira ni Dalmo, beki wa kushoto. Akaweka. 1-0, na ikabaki hivyo hadi filimbi ya mwisho. Mabingwa wa dunia mara ya pili mfululizo.

Dalmo. Tafuteni ni watu wangapi wanaosema "Santos ni Pelé" wanalijua jina hilo.

#5

Hii ya Milan sikuwahi kuisikia kabisa, shukrani mkuu. Mimi nina swali la Afrika. Ni kweli walisimamisha vita Nigeria mwaka 1969 ili watu wakamwone Pelé?

#6 (mleta uzi)

Simulizi hiyo ipo na klabu yenyewe inajivunia. Yaliyo wazi ni haya: Januari 26, 1969 walicheza Lagos na timu ya Nigeria, 2-2, mabao ya Santos yote Pelé. Mwanzoni mwa Februari wakacheza Benin City, wakashinda 2-1. Vita ya Biafra ilikuwa inaendelea na iliendelea hadi Januari 1970. Wapo watafiti waliopekua magazeti ya wakati ule wakitafuta habari ya bunduki kunyamazishwa kwa ajili ya mechi, na hawakuikuta ikisimuliwa hivyo. Mimi naona tuiheshimu kumbukumbu ya watu wa Benin City waliojaa uwanjani siku ile, lakini tusiiandike kwenye orodha ya rekodi kana kwamba ni kombe. Vita ile iliua watu wengi mno, si jambo la kulipamba.

#7

Niko Lubumbashi. Musisahau Kinshasa! Ziara hiyohiyo ya Januari 1969 Santos walipigwa na timu yetu ya taifa 3-2. Wazee wetu wanaikumbuka hadi leo.

#8 (mleta uzi)

Karibu sana ndugu yetu, na umesema kweli tupu. Congo-Kinshasa wakati ule ndio walikuwa mabingwa wa Afrika, wametwaa kombe 1968 kwa kumfunga Ghana fainali. Na hapo kwenu Lubumbashi, Englebert, ambayo leo ni TP Mazembe, ilikuwa imetoka kubeba ubingwa wa klabu Afrika mara mbili mfululizo, 1967 na 1968. Santos yenye Pelé ilipigwa na timu iliyokuwa na ubora wake. Kwangu mimi mechi ile ina thamani kuliko ile hadithi ya vita, kwa sababu hapa Waafrika walikuwa uwanjani wanacheza, na wakashinda.

#9

Sawa kaka, tumekubali miaka ya sitini. Baada ya Pelé kuondoka 1974 je? Hapo ndipo ukweli unaonekana.

#10 (mleta uzi)

Hapo ndipo ninapopapenda.

Lakini kwanza nimalizie kitu. Makombe ya taifa walibeba matano mfululizo, 1961 hadi 1965. Fainali ya 1962, iliyomaliziwa Aprili 1963, waliichapa Botafogo ya Garrincha 5-0 ndani ya Maracanã. Mwaka 1966 wakakutana na Cruzeiro ya kijana Tostão fainali, wakapigwa 6-2 kule Belo Horizonte, matano yakiwa yameingia kabla ya mapumziko, na 3-2 mechi ya pili. Mfululizo ukaishia hapo. La sita likaja 1968. CBF, shirikisho la soka la Brazil, iliyatambua yote hayo kuwa ubingwa wa Brazil Desemba 2010, ukijumlisha ya 2002 na 2004 ndiyo unapata manane.

Pelé aliaga Oktoba 2, 1974, dhidi ya Ponte Preta. Katikati ya mchezo akaushika mpira, akapiga magoti katikati ya uwanja, akanyoosha mikono. Baada yake klabu ilipitia ukame, ndiyo. Ubingwa wa jimbo wa 1978 uliletwa na vijana waliolelewa ndani, akina Juary na Pita, na hapo ndipo likazaliwa lile jina la Watoto wa Vila. Wakapata tena wa jimbo 1984, kisha miaka mingi ya maumivu. Mwaka 1995 walipoteza fainali ya ligi kwa Botafogo katika mechi ambayo mashabiki wao hadi leo wanamlaumu mwamuzi.

Halafu 2002. Klabu haina fedha, kocha Emerson Leão anaingiza vijana. Diego ana miaka 17, Robinho 18. Wanamaliza hatua ya ligi nafasi ya nane, ya mwisho kufuzu. Robo fainali wanapewa São Paulo, kinara wa msimamo, wanamtoa. Fainali Corinthians, mechi ya kwanza 2-0. Marudiano, Diego anaumia dakika za mwanzo kabisa na kutoka. Ikabaki kwa Robinho. Kamdaka beki Rogério upande wa kushoto, akaanza kuzungusha miguu juu ya mpira huku anasogea, mguu huu, mguu ule, tena na tena, beki anarudi nyuma tu, wanaingia ndani ya boksi, Rogério akamchezea rafu. Penalti, akaipiga mwenyewe, bao. Corinthians wakapindua ikawa 2-1 kwao, na Elano na Léo wakafunga mwishoni, 3-2. Mwaka 2004 wakarudia chini ya kocha Luxemburgo, mabao 103 katika mechi 46.

Walioangalia mpira 2010 mnamjua aliyefuata. Neymar, Ganso, na Robinho karudi kwa mkopo. Mwaka huo waliifunga Naviraiense 10-0 katika Copa do Brasil, wakabeba kombe hilo na la jimbo. Juni 22, 2011 Pacaembu wakamfunga Peñarol 2-1, wafungaji Neymar na Danilo, Libertadores ya tatu, miaka 48 baada ya ile ya pili. Desemba Barcelona waliwafundisha soka kule Yokohama, 4-0. Hilo nalo liko kwenye kumbukumbu, silifichi.

#11

Na wanawake je? Marta si alipita hapo?

#12 (mleta uzi)

Ahsante dada kwa kukumbusha. Marta na Cristiane walikuwa Santos mwaka 2009, Libertadores ya wanawake ilipochezwa kwa mara ya kwanza kabisa. Fainali walishinda 9-0. Mwaka 2010 wakabeba tena. Yaani Libertadores mbili za mwanzo katika historia ya soka la wanawake zote ziko Vila Belmiro, na kwenye mijadala mingi ya rekodi za klabu hii hazitajwi hata kidogo. Kwangu mimi hizo zinahesabika sawa na za akina Zito.

#13

Uzi mzuri, ila mbona umekwepa kushuka daraja?

#14 (mleta uzi)

Sijakwepa mkuu, nilikuwa nafika.

Pelé alifariki Desemba 29, 2022. Mwili wake uliwekwa katikati ya uwanja wa Vila Belmiro, watu wakapanga foleni usiku na mchana. Haukupita mwaka mzima: Desemba 6, 2023, uwanjani hapohapo, Fortaleza wakashinda 2-1 na Santos wakashuka daraja kwa mara ya kwanza katika miaka 111. Magari yalichomwa moto nje ya uwanja usiku ule. Rekodi ya kutowahi kushuka, waliyokuwa nayo pamoja na Flamengo na São Paulo, ikaondoka na haitarudi kamwe. Iliniuma, na bado inaniuma.

Mwaka 2024 wakashinda daraja la pili wakarudi juu. Januari 2025 Neymar akarejea, klabu ambayo mara ya kwanza alikuwa ameiachia mabao 136. Haikuwa mteremko, Agosti Vasco da Gama waliwapiga 6-0, lakini walibaki ligi kuu.

Tena angalieni, hata sababu ya kushuka haikuwa kukosa Pelé mwingine. Klabu iliuza vijana wake kila dirisha ili kulipa madeni. Udogo uleule wa mapato uliowafanya wasafiri dunia nzima miaka ya sitini ndio unaowafanya leo wauze watoto kabla hawajakomaa.

#15

Mkuu, malizia kwa kututajia kile kikosi cha 62 na 63 chote, wengine tunataka kukihifadhi.

#16 (mleta uzi)

Kwa furaha kabisa.

Golini Gilmar, kipa wa Brazil bingwa wa dunia 1958 na 1962, walimtoa Corinthians. Mabeki: Lima, aliyecheza karibu kila nafasi uwanjani bila kulalamika, Mauro, nahodha wa taifa, Calvet, na Dalmo wa ile penalti. Viungo: Zito, ambaye alimfokea kila mtu akiwemo Pelé, na Mengálvio, mtulivu, pasi zake hazipotei. Mbele: Dorval kulia, Coutinho aliyeanza kuichezea timu ya wakubwa akiwa na miaka 14, Pelé, na Pepe kushoto.